Kinachowashika pamoja Wafrimasoni: jibu kwa katibu wa mafundi wa Pasua

Swali limetoka kwa kijana wa Moshi. Nalifupisha ili wasomaji wengine watufuate.

"Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi waashi hapa Pasua. Tulianza watu kumi na wanane, tunachanga kila Jumamosi, tunagawana kazi na kukopeshana. Huu ni mwaka wa nne, mwenyekiti ni yule yule, na vikaoni siku hizi tunafika sita au saba. Juzi mmoja wetu alisema tukajifunze kwa Frimasoni, maana nao walikuwa waashi na wameshikamana miaka mia tatu. Wengine wakamrukia, wakasema wale wanashikamana kwa damu na fedha za shetani. Mzee, ukweli ni upi? Kinachowashika pamoja ni nini, na je, kuna la kujifunza bila kujiunga?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote ujue anayekujibu ni nani. Mimi si Frimasoni na sijawahi kuwa. Nilikuwa afisa ushirika mkoani Kilimanjaro mpaka nikastaafu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukagua vitabu vya vyama vya msingi vya kahawa na kukaa katikati ya watu waliogombania chama. Miaka yote hiyo lililoninyima usingizi ni hilo hilo unaloniuliza: kwa nini chama hiki kinadumu na kile kinakufa, na huku wanachama wa pande zote mbili ni watu wa aina moja, wa mlima mmoja, wenye shida zile zile? Katika kulitafuta jibu nilisoma katiba za watu wengi, zikiwemo za Frimasoni ambazo huchapishwa wazi, na nikazoeana na mzee mmoja wa Arusha, sasa marehemu, aliyekuwa mwanachama wao kwa miaka mingi.

Mwenzenu aliyesema nao walikuwa waashi hakukosea. Jina lenyewe maana yake ni mwashi huru. Chimbuko wanalojinasibisha nalo ni waashi wa mawe wa Uingereza na Scotland, wale waliojenga makanisa makubwa na ngome. Kando ya jengo walikuwa na kibanda walimochongea mawe, walimolia chakula na kufundishana kazi. Kibanda hicho ndicho kilichoitwa loji. Iko hati ya kale ya waashi wa Uingereza, ya mnamo mwaka 1390, iliyoandikwa kwa mashairi, na baadhi ya masharti yake ungeweza kuyasoma kikaoni kwenu Jumamosi hii na kila mtu angeangalia chini. Fundi asimpokonye fundi mwenzake kazi. Mwanagenzi akae miaka saba akifundishwa. Na lile ninalolipenda kuliko yote: ukimwona mwenzako anachonga jiwe na yuko karibu kuliharibu, msaidie mara moja, umfundishe kulirekebisha kwa maneno mazuri, ili kazi yote isije ikaharibika.

Baadaye watu wasio waashi wakaanza kupokelewa lojini, na polepole mawe yakaondoka, vifaa vikabaki kama mafundisho. Wao huhesabu tarehe 24 Juni 1717, siku loji nne za London zilipokutana na kuunda Loji Kuu ya kwanza, yaani chombo cha kuzisimamia loji. Ndiyo hiyo miaka mia tatu ya mwenzenu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wewe kama mwashi utalielewa haraka kuliko msomi yeyote. Mkuu wa loji huvaa shingoni alama ya skwea, kipimo cha kona. Msimamizi wa kwanza, anayemfuata kwa cheo, huvaa alama ya pima maji, kipimo cha usawa. Msimamizi wa pili huvaa timazi, kipimo cha wima. Unajua vizuri kwamba skwea haiwezi kukuambia kama ukuta umelala, timazi haiwezi kukuambia kama kozi ya tofali inashuka, na pima maji haijui kama kona imefunguka. Wamechukua ukweli huo wa kazini wakaugeuza kuwa uongozi: watu watatu, vipimo vitatu, na hakuna anayeweza kupima kwa niaba ya mwenzake. Mkuu hukaa mashariki, msimamizi wa kwanza magharibi, wa pili kusini, na kikao hakifunguliwi kwa mkuu kugonga meza peke yake. Wenye nyadhifa huulizwa mbele ya wote: mahali pako ni wapi, na kazi yako ni nini? Nao hujibu, kila kikao, mwaka baada ya mwaka, hata kama kila mtu chumbani anayajua majibu.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililiona ni mchezo wa kuigiza. Baadaye nikakumbuka vyama nilivyovikagua. Mara ngapi nimemuuliza mjumbe wa kamati, "Wewe kazi yako hapa ni ipi?" akatazama dari! Mtunza hazina hajui kama ni yeye au katibu anayepaswa kushika risiti. Chama cha namna hiyo kila mtu anakisukuma, hakuna anayekibeba.

Wana usemi kwamba watatu huitawala loji, watano huishika, saba au zaidi huikamilisha. Kwa hiyo usione aibu kwamba mnafika sita au saba. Saba wanatosha, kama kila mmoja ana kazi yenye jina.

Nikupe mfano wa nyumbani. Baba yangu alikuwa mwashi wa mawe huko Machame, na likizo nilikuwa saidia fundi wake, nabeba karai. Aliujenga ukuta pamoja na fundi mwenzake, mmoja kona hii na mwingine kona ile, kamba imevutwa katikati, na sisi wadogo tunajaza mawe kuifuata ile kamba. Ukuta ukifika usawa wa dirisha baba alisimamisha kazi, akanawa mikono, na wakabadilishana kona. Aliyekuwa mashariki akaenda magharibi. Nilimuuliza kwa nini, maana ilitupotezea muda. Hakunijibu kwa maneno. Alining'inizia timazi kwenye kona aliyokuwa akiijenga mwenzake, akaniambia niitazame, kisha akamwita mwenzake aje aitazame kona aliyoijenga yeye. Kila kona ilikuwa imekwenda nje kidogo sana, unene wa msumari. Mwenyewe huwezi kuuona upotevu wako, jicho limeshauzoea.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Kinachowashika Wafrimasoni, kwa jinsi nilivyowasoma, ni ile desturi ya kubadilishana kona. Katika loji zinazofuata utaratibu wa Kiingereza, mkuu huchaguliwa na wanachama kwa kura ya siri, hukalia kiti mwaka mmoja, na hawezi kuendelea zaidi ya miaka miwili mfululizo bila kibali maalumu kutoka juu. Wala hawezi kutoka nyuma akarukia kiti: lazima awe amewahi kutumikia mwaka mzima kama msimamizi. Kwa kawaida mtu huanzia chini kabisa, kuhudumia meza wakati wa chakula, na haijalishi nje ya mlango ule yeye ni jaji au mfanyabiashara. Akitoka hapo huwa mlinzi wa mlango kwa ndani, kisha shemasi, yaani mpeleka ujumbe na mwongoza wageni, kisha msimamizi wa pili, msimamizi wa kwanza, ndipo afike mashariki. Ni safari ya miaka. Akifika pale juu, kila kazi anayoiamuru alishaifanya kwa mikono yake, na anayemfuata anajulikana, yuko tayari, amekaa magharibi anamtazama. Hakuna sababu ya kupigania kiti ambacho mwakani kitakuwa cha mwingine.

Usije ukadhani hawajawahi kugombana. Mwaka 1751 kundi la Wafrimasoni wa London, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, lilianzisha Loji Kuu ya pili, na hizo mbili zikatazamana kwa uadui zaidi ya miaka sitini. Waliungana tarehe 27 Desemba 1813. Wakati huo pande zote mbili ziliongozwa na watoto wa mfalme, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: Duke wa Kent upande mmoja, Duke wa Sussex upande wa pili. Viti viwili vilipaswa kuwa kimoja. Kent alikaa pembeni na kumpendekeza mdogo wake. Kisha wakaunda loji maalumu ya upatanisho ambayo kazi yake ilikuwa kukaa na kulinganisha maneno na taratibu za pande mbili, ikafanya hivyo hadi mwaka 1816. Kupeana mikono kulichukua siku moja, kulinganisha kazi kukachukua miaka. Wasuluhishi wetu wengi huishia kwenye kupeana mikono na picha.

Jambo la pili ni kukariri. Sherehe zao za kumpokea mwanachama na kumpandisha daraja, na madaraja yako matatu, mwanagenzi, fundi na fundi bingwa, zinasemwa kwa kichwa, bila kusoma. Maneno ni mengi, yamegawanywa kwa watu wengi, na mmoja akikosea mwenzake anakwama. Kwa hiyo hukutana siku nyingine kwa ajili ya mazoezi tu. London iko loji ya mazoezi iliyoanzishwa mwaka 1823, na mtu akiongoza sherehe nzima pale bila kukosea hata neno hupewa kibweta kidogo cha fedha cha kuwekea viberiti. Kibweta cha viberiti, mwanangu! Watu wazima hukesha miezi kwa ajili hiyo.

Yule mzee wa Arusha nilimfahamu kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa na migomba michache na kahawa nyuma ya nyumba yake upande wa Moshono. Alfajiri alitembea humo peke yake, mikono nyuma, midomo ikicheza, akifika mwisho wa mstari wa migomba anageuka na kuanza upya. Majirani walimwona wakasema anaita mizimu. Mimi nilimuuliza waziwazi, naye akacheka mpaka akashika mgomba. Alikuwa anakariri sehemu yake, dakika kama kumi za maneno, kwa sababu Alhamisi kijana mmoja angepokelewa na yeye hakutaka kijana yule apokelewe na mzee anayebabaika. "Nikisahau," aliniambia, "yupo aliyekaa kushoto kwa mkuu wa kunikumbusha. Lakini naye asimkumbushe kila mtu, atachoka." Ukiniuliza ushirikiano nimeuona wapi kwa macho yangu, nitakuambia nimeuona kwenye ile migomba, kwa mtu aliyekuwa peke yake.

Sisi wa mlimani hatukuyakosa hayo. Uliza wazee wako habari za mifongo, ile mifereji yetu ya maji. Maji yanashuka kutoka msituni yanapita mashamba ya koo nyingi, na siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila nyumba inatoa mtu na jembe, kila mtu anajua kipande chake cha kusafisha. Asiyefika anatozwa faini. Mfongo ukiziba juu, wa chini anakosa maji hata kama kipande chake kinang'aa. Na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, tangu ilipoundwa mwaka 1933, ilisimama juu ya vyama vidogo vya msingi vilivyojua kupokea na kupima kahawa kwa zamu. Kwa hiyo sikutumi Ulaya ukalete kitu kigeni. Nakutuma ukaone watu wengine walivyokilinda kile ambacho sisi tumekiacha kilegee.

Jambo la tatu ni fupi: ndani ya loji ni marufuku kubishana siasa na dini. Katiba yao ya mwaka 1723 ilishalisema. Nimeona vyama viwili vya akiba vikifa mwaka wa uchaguzi mkuu kwa sababu ya fulana na kofia tu, ndiyo maana naliona sharti hilo ni la thamani.

Jambo la nne ni wagonjwa. Kila loji ina mtu ambaye wadhifa wake, kwa jina, ni kuwafuatilia wanachama walio taabani, wajane wao na watoto wao, na kuleta taarifa kikaoni. Anafanya hivyo kama wajibu wa kiti chake, halisubiri moyo wa huruma wa mtu mmoja. Pia iko desturi, imeandikwa mara nyingi kwenye vitabu vya wazi, kwamba mgeni siku ya kupokelewa huondolewa chochote cha fedha au chuma alichonacho, kisha mbele ya wote huombwa mchango kwa ajili ya maskini. Anajipapasa, hana. Halafu anaambiwa alikumbuke jambo hilo siku atakapokutana na mwenye shida. Na husimamishwa kwenye kona ya kaskazini mashariki, mahali ambapo kwa desturi jiwe la msingi huwekwa.

Sasa kuhusu damu na fedha za shetani. Kafara hazimo katika taratibu zao, na wala hawagawi utajiri: mwanachama analipa kiingilio na ada ya mwaka, na anachangia misaada. Anayeingia hupendekezwa na mwanachama anayemjua na kuungwa mkono na wa pili, kisha hupigiwa kura ya siri, na kura tatu za kukataa zinatosha kumzuia, au pungufu ya hapo kama loji imeamua hivyo. Kwa hiyo ile meseji inayokuja kwenye simu, "jiunge na Frimasoni upate milioni kadhaa, tuma elfu hamsini ya fomu," ni utapeli, moja kwa moja. Mfanye kikundi kizima kijue hilo. Namba hizo ripotini TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Tanzania watu hawa hawajajificha. Jengo lao Dar es Salaam liko Sokoine Drive, na marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyekulia Bukene mkoani Tabora, aliwaongoza Wafrimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi na alizungumza hadharani.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili, maana ungenilaumu baadaye. Watu wakizoea kubebana lojini, ni rahisi waendelee kubebana ofisini, kwenye zabuni na mahakamani. Uingereza bunge lilifanya uchunguzi miaka ya 1990 juu ya Wafrimasoni walio polisi na mahakamani kwa hofu hiyo hiyo. Italia ilikuwa mbaya zaidi. Loji moja iitwayo P2, chini ya Licio Gelli, ilikuwa imeshasimamishwa na wakuu wake, lakini mwaka 1981 polisi walipopekua mali za Gelli walikuta orodha ya majina 962, ya mawaziri, majenerali, wakuu wa ujasusi na wenye benki. Serikali ikaanguka. Itazame loji hiyo kwa jicho la mwashi. Kiti hakikuzunguka, orodha alikuwa nayo mtu mmoja, na wengi wa waliokuwemo hawakujuana wala hawakukutana. Kila kitu nilichokusifia hapo juu kilikuwa kimeondolewa, ikabaki siri peke yake. Siri bila zamu ilizaa kile.

Tena kama wewe ni Mkatoliki, na Moshi ni wengi, ujue kanisa lako linakataza kujiunga. Lilitamka tena hivyo mwaka 1983 na likarudia mwaka 2023. Lakini hukuniuliza kujiunga, uliniuliza kujifunza, na kuzunguka kwa viti hakuna dini.

Basi kwenu Pasua ningeanza hivi. Kwenye katiba ya kikundi andikeni mwaka mmoja kwa mwenyekiti, usizidi miwili hata ikibidi, na makamu wake awe ndiye anayejifunza kiti. Nyadhifa zizunguke kutoka chini: anayechemsha chai leo, kesho ashike funguo za stoo ya vifaa, kesho kutwa ashike daftari la michango. Jumamosi kabla ya hela kuhesabiwa, kila mwenye kazi asimame aseme kazi yake na alichokifanya wiki hiyo. Mchagueni mtu wa wagonjwa, na nauli yake itoke kwenye mfuko. Siri za loji waachieni wenyewe. Daftari lenu liwe wazi kwa kila mwanachama, siku yoyote.

Limebaki la mwenyekiti. Nimeshughulika na wenyeviti wengi wasiotoka, na wachache sana walikuwa wezi. Mmoja, wa chama cha kahawa upande wa Marangu, aliniambia tukiwa wawili chini ya mti, kofia mkononi: "Afisa, nikitoka hapa nitakuwa nani?" Chama kilikuwa na mlango wa kuingia kwenye uongozi, wa kutokea hakikuwa nao ila wa aibu. Wafrimasoni wamelitengenezea kiti jambo hilo. Mkuu akimaliza mwaka wake hasukumwi nje. Huhama kiti kimoja tu, hukaa kushoto kwa mkuu mpya, na ndiye yule ambaye mzee wangu wa Arusha alikuwa akimtaja, anayemnong'oneza mwenzake neno lililosahaulika. Mtengenezeeni wa kwenu kiti hicho, na kiwe na kazi ya kweli: yeye ndiye ajuaye matajiri wa zamani waliowapa kazi, na bei za miaka minne, basi awe mshauri wa bei. Ukienda kumwambia usiende na kundi. Nenda na wazee wawili anaowaheshimu, nyumbani kwake, siku kadhaa kabla ya kikao, na rasimu ya katiba uwe nayo mfukoni ili aisome kabla ya mtu mwingine yeyote.